Maumivu Yenye Historia: Utoto wa Luther na Huduma kwa Waliojeruhiwa

Katika kila usharika wapo washirika ambao mchungaji huwajua kwanza kwa magonjwa yao. Mama mmoja huja kila juma kuombewa tumbo, ambalo hospitali imelipima mara tatu bila kuona kitu. Baba mwingine huacha pombe wakati wa Kwaresima na kuirudia kabla ya Pentekoste. Tunawaombea, tunawaonya, na hatimaye, tuseme kweli, tunawachoka. Makala hii inakusudia kueleza uhusiano uliopo kati ya majeraha ya utotoni na afya ya mtu mzima. Kwa kuwa tu Walutheri, tutaanza na mtu ambaye kila mmoja wetu hudhani anamfahamu.

Martin Luther alizaliwa Eisleben mwaka 1483, akakulia Mansfeld, ambako baba yake alifanya kazi ya madini ya shaba. Wanafunzi waliokula mezani pake katika miaka ya 1530 waliandika aliyowasimulia juu ya utoto wake. Alieleza kwamba mama yake alimchapa hata damu ikatoka, kwa kosa la njugu moja. Baba yake naye alimchapa siku moja kwa ukali hata mtoto akamkimbia na kumwekea kinyongo, ikambidi mzee afanye bidii kumvuta tena kwake. Shuleni alipigwa mara 15 katika asubuhi moja, kwa kushindwa somo ambalo hakuwa amefundishwa. Luther hakuwahukumu wazazi wake, bali alikiri kwamba walimtakia mema. Hata hivyo alisema kuwa hawakujua kuipima tabia ya mtoto kabla ya kumwadhibu, na kwamba ukali ule ulichangia kumsukuma kuingia utawani. Aliingia utawa huko Erfurt mwaka 1505, na kwa miaka mingi Kristo aliyemwona moyoni mwake alikuwa hakimu mwenye hasira.

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Erik Erikson alitoa kitabu juu ya ujana wa Luther, akitafuta chimbuko la mapambano yake ya imani katika uhusiano wake na baba. Wanahistoria kadhaa, Roland Bainton akiwamo, walimpinga kwa hoja kwamba ushahidi ni mdogo mno kubeba mzigo huo. Tunaona pingamizi lao ni la haki. Kuhesabiwa haki kwa imani hakukuzaliwa na fimbo ya Mansfeld. Lakini mtu anayekumbuka njugu moja baada ya miaka arobaini anatufundisha jambo lisilohitaji nadharia: mtoto husahau kosa lake upesi kuliko kipigo chake.

Luther alikuwa mgonjwa sehemu kubwa ya maisha yake. Tarehe 6 Julai 1527 alianguka nyumbani kwake Wittenberg, sikio likivuma, akadhani anakufa. Miezi ya huzuni nzito ikafuata. Mwaka 1537 huko Schmalkalden mawe ya figo yalimfungia mkojo siku nyingi, hata mtikiso wa gari njiani ulipomfungulia. Hatusemi kwamba mawe hayo yalitokana na viboko. Hilo halina ushahidi. La kuangaliwa ni jinsi mgonjwa huyu alivyowatendea wagonjwa wenzake. Mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, mwalimu wa watoto wake aliyezongwa na huzuni, akimsihi asikae peke yake, atafute wenzake, acheze na kutania. Mwaka 1534 alimshauri Mwana-mfalme Joachim wa Anhalt apande farasi, awinde na kusikiliza muziki. Juu ya waliojiua, alikataa kuwahesabu wote kuwa wamepotea, akiwafananisha na msafiri aliyeuawa na mnyang'anyi msituni. Na kuhusu malezi alisema kwamba tofaa liwekwe kando ya fimbo. Sisi tungependa fimbo yenyewe iondoke, lakini kwa karne yake neno hilo lilikuwa geni.

Elimu ya tiba ilichelewa kuuliza swali hili. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti wa San Diego, Marekani, aliongoza kliniki ya watu wenye unene uliozidi. Alishangaa kuona kwamba waliofanikiwa kupungua ndio waliotoroka matibabu. Alipowahoji, wengi walieleza kwamba walinajisiwa utotoni. Unene ulikuwa ngao yao. Pamoja na daktari Robert Anda aliendesha uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 17,000, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1998. Waliulizwa juu ya kupigwa, kunajisiwa, kudharauliwa, na nyumba zenye ulevi, ugomvi au ugonjwa wa akili. Kadiri aina za mateso zilivyoongezeka, ndivyo uwezekano wa ulevi, sonona, kujaribu kujiua, magonjwa ya moyo na ya mapafu ulivyoongezeka. Njia ni mbili hasa. Mwili wa mtoto aishiye katika hofu hubaki katika hali ya kujihami, homoni za hatari zikitoka pasipo kupumzika, na hali hiyo huuchakaza. Tena, mtu mzima hutafuta nafuu katika chupa, sigara au chakula. Tunachokiita dhambi yake mara nyingi kilianza kama dawa yake. Huu ni uwezekano, wala si hukumu, na wengi walioteswa huishi wakiwa wazima.

Nchini Tanzania uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18; na karibu robo tatu ya vijana wote walipigwa. Basi mhubiri asimamapo mimbarani Jumapili, watu hao wamo mbele yake, na baadhi yao wamevaa kanzu za kwaya.

Kutokana na hayo, tunadhani swali la mchungaji kwa yule baba wa pombe linapaswa kubadilika. Badala ya kuanza na kwa nini anakunywa tena, aanze na lini alianza, na maisha yalikuwaje siku zile. Kisha anyamaze. Ukimya huu ni mgumu kwetu sisi tuliofunzwa kuhubiri. Asiharakishe kudai msamaha kwa aliyemtesa. Ambaye bado hajathubutu kulitaja jeraha hawezi kusamehe kilicholisababisha. Wala asimtenge na Meza ya Bwana mtu ambaye hajasikilizwa. Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, alihamia na jamaa yake nyumbani kwa Luther mwaka ule wa 1527, na Luther aliandika kwamba lengo lilikuwa hasa kumwondolea upweke. Hatuna habari ya hotuba aliyomtolea.

Yule mama wa tumbo aendelee kupimwa, kwa maana si kila maumivu yana siri, na mchungaji si tabibu. Palipo na huzuni inayozungumzia kifo, aongozwe hospitali siku hiyohiyo, na mchungaji afuatane naye.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hutuuliza kila mwaka. Mtu mzima akieleza yaliyompata zamani, siri ya kitubio ni yake, nasi hatuna ruhusa ya kuigusa. Lakini mtoto anayeteswa sasa hayumo katika kuungama. Yeye anaomba kuokolewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mwanajamii mwenye habari hizo atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kuna pia Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na simu ya bure ya watoto, namba 116. Mzee wa kanisa akishauri kwamba jambo limalizwe kifamilia, aulizwe kwanza mtoto atalala nyumba gani usiku huo.