Mkunga Anapouliza Swali: Utafiti wa Wauguzi na Wakunga Unavyomhusu Mkazi wa Kata

Kila mwanamke anayejifungua hutokwa na damu, na mwili wake umejiandaa kwa hilo. Jambo gumu ni kutambua wakati damu hiyo inapovuka kiasi cha kawaida na kuwa hatari. Wataalamu wameweka mpaka katika mililita 500, yaani nusu lita, ujazo wa chupa ndogo ya maji ya dukani. Lakini damu haitoki ndani ya chupa. Hulowa katika shuka, khanga na pamba, nyingine ikachuruzika sakafuni. Na mkunga aliye peke yake usiku wa manane, mtoto mchanga mkononi na mama kitandani, hulazimika kukisia kwa macho. Macho hudanganya, na kwa kawaida hudanganya kwa kuona kidogo kuliko kilichopo.

Mkoani Kigoma, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na wakunga wa jadi, akiwamo Dkt. Godfrey Mbaruku, walitafuta kipimo ambacho kila nyumba inacho tayari. Walikipata katika khanga. Khanga mbili za vipimo vya kawaida zikiloa damu, mama amepoteza zaidi ya mililita 500 na hapana tena sababu ya kungoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Mkunga wa jadi asiyejua mililita ni nini aliweza kuhesabu hadi mbili, na hesabu hiyo ilitosha kumfanya achukue hatua.

Tumeanza na khanga kwa sababu neno utafiti huwatia hofu wengi katika kata zetu. Huleta picha ya gari geni, watu wenye makabrasha, na sindano ya kutoa damu inayokwenda kusikojulikana. Utafiti wa kitabibu unaofanywa na wauguzi na wakunga, kwa sehemu kubwa, ni kitu kilicho karibu zaidi na maisha yetu. Ni kuchukua jambo linalotendwa kila siku wodini, kuuliza kama kweli linasaidia, kisha kuhesabu kwa uangalifu hadi jibu lipatikane.

Swali lile la damu liliendelea kuulizwa. Utafiti ulioitwa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na nchi yetu ya Tanzania. Uliwahusu wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika kundi moja la hospitali, mama aliwekewa chini yake shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, ili mkunga aisome damu kama mwenye duka anavyosoma mizani. Damu ilipofika kwenye mstari wa hatari, mkunga alifanya mambo kadhaa kwa mkupuo, bila kungoja kuona kama moja litatosha: kuukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa ya kuukaza, kutoa dawa ya kusaidia damu kuganda, kuweka maji ya mishipa, na kuchunguza damu inatoka wapi. Hapakuwa na dawa mpya hata moja. Kundi la pili la hospitali liliendelea na huduma yake ya kawaida ili pawe na kitu cha kulinganisha.

Hapo ndipo wasomaji wengi huuliza: je, hao wa kundi la pili walifanywa kafara? Hapana. Walipata huduma ileile ambayo wangeipata bila kuwapo kwa utafiti, na hakuna aliyejua kwa hakika kwamba utaratibu mpya ungeshinda. Kama jibu lingejulikana, kusingekuwa na haja ya kuuliza swali. Na pasipo kundi la kulinganisha, mtu anaweza kusifu dawa kwa nafuu iliyoletwa na kitu kingine kabisa, mathalani kuongezeka kwa watumishi au kupungua kwa malaria mwaka huo.

Matokeo yalitolewa Mei 2023. Katika hospitali zenye utaratibu mpya, wakunga waligundua wanawake 93 katika kila 100 waliotokwa na damu kupita kiasi. Kwingine waligundua 51. Maana yake ni kwamba kwa kukisia, karibu nusu ya wanawake waliokuwa hatarini hawakutambuliwa. Wanawake waliopoteza lita nzima au zaidi, au waliopasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au waliofariki kwa sababu ya damu hiyo, walikuwa 16 katika kila 1,000 mahali palipokuwa na utaratibu mpya, na 43 mahali pasipokuwa nao.

Mfano mwingine unatoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Tanzania ilipoanza kuwafundisha watumishi namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, hospitali nane zilifuatiliwa, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Habari hiyo ilifurahisha. Haydom, hata hivyo, waliangalia kwa karibu zaidi wakakuta jambo la kutia wasiwasi: baada ya mafunzo ya siku moja, watumishi walifanya vizuri sana kwa mwanasesere wa kufundishia, lakini huduma waliyompa mtoto halisi haikubadilika. Wakaacha kutegemea siku moja ya darasa, wakaweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Sisi tunaopanga semina za watumishi tungefaa kulisoma jambo hili mara mbili. Kuanzia hapo wazo hilo lilikuzwa na kupelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mara haikuwamo.

Jambo moja ni lazima lisemwe wazi. Katika tafiti nyingi muuguzi ndiye hukaa na mgonjwa, hupima na kujaza fomu, huku swali lenyewe likiwa limeandikwa na mtu mwingine aliye mbali. Hasara yake ni kwamba maswali yanayoonekana kutoka kando ya kitanda tu hubaki bila kuulizwa. Pale muuguzi anapopewa nafasi ya kuuliza, hutokea mambo ambayo wengine hawakuyaona. Profesa Lilian Mselle wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambaye ni muuguzi, aliwasikiliza wanawake wenye fistula wakieleza jinsi uzazi wao ulivyokwenda: kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa, na upweke wa kuachwa bila msaada. Hayo si maneno ya kuifurahisha taaluma yake, na huo ndio uzito wake.

Sasa turudi nyumbani. Katika Musoma, Bunda na Butiama, mama mwenye tatizo la uzazi hupanda ngazi: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri au Hospitali Teule ya Bunda, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, na ikibidi Bugando jijini Mwanza. Mkunga wa zahanati anajua mambo kuhusu ngazi hiyo ambayo hayamo katika taarifa yoyote. Anajua muda unaopita tangu apige namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama hadi gari lionekane, na jinsi muda huo unavyorefuka mvua za masika zinapoharibu barabara. Anajua wajawazito gani huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza wakiwa na miezi sita, na baadhi ya sababu zake. Lakini kujua kwa uzoefu hakutoshi kubadili bajeti. Akisema tu kwamba gari huchelewa, ataambiwa avumilie; akileta daftari lenye saa na dakika za kila safari ya mwaka mzima, kikao cha madiwani kitakuwa na kitu cha kujadili.

Sehemu kubwa ya maarifa hayo tayari ipo katika vitabu vya MTUHA. Kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi kinaandika saa ya kujifungua, uzito wa mtoto, hali ya mama na mengine mengi. Tatizo ni visanduku vinavyoachwa vitupu. Kisanduku kitupu hakimaanishi kwamba damu haikutoka. Kinamaanisha kwamba hakuna ajuaye. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kumsaidia muuguzi awe mtafiti haihitaji fedha za wafadhili: ni kuvijaza vitabu hivi kikamilifu, na kumpa fursa ya kuvisoma tena badala ya kuvituma juu kila mwezi na kuvisahau.

Hatua zinazofuata ni ngumu zaidi, na ngumu kuliko zote ni muda. Wodi ina watumishi wachache kuliko mahitaji. Mkunga akipangiwa saa mbili kwa wiki za kuchambua takwimu, zamu yake lazima ishikwe na mtu mwingine kwa majina, tena katika ratiba iliyobandikwa ukutani. Utafiti unaomwondoa mkunga kando ya mama anayejifungua haufai, hata ukija na fedha na magari. Anahitaji pia mtu wa kumwongoza katika hesabu, na hapa Kanda ya Ziwa tuna bahati: kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo Mwanza, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kipo palepale Bugando. Wauguzi wengi wamekwisha kufanya utafiti mmoja walipokuwa wakisoma shahada. Nakala imebaki katika rafu ya chuo, na kituo kilichotoa takwimu hakijapata hata ukurasa mmoja wa majibu. Hilo ni deni.

Kwa upande wako, mkazi wa kata, kuna taratibu zinazokulinda. Utafiti wa afya unaohusu watu hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo yenye dhamana ya kitaifa katika hilo, na dawa mpya ikijaribiwa ni lazima pia pawe na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Baada ya hapo mtafiti hujitambulisha kwa Mkurugenzi Mtendaji na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mtendaji wa Kata. Ukiombwa kushiriki, utaelezwa kwa Kiswahili unachokielewa: utafiti unahusu nini, utafanyiwa nini, kuna hatari gani, na siri zako zitatunzwaje. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi wake, kisha huweka dole gumba. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hutoa ridhaa, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye huulizwa.

Unaruhusiwa kukataa. Unaruhusiwa pia kukubali leo na kujitoa kesho, bila kudaiwa sababu. Katika hali zote mbili kitanda chako, dawa yako na heshima yako wodini havipungui. Mjamzito ana haki ya kuelezwa mapema, akiwa kliniki na akili imetulia. Ridhaa inayoombwa katikati ya uchungu mkali ni ridhaa ya kutilia shaka, na mkunga mwema anajua hivyo. Wala hakuna utafiti unaokutaka ulipe.

Uliza pia majibu yatarudi lini na kwa njia ipi. Mahali panapofaa ni mkutano mkuu wa kijiji, au Kamati ya Usimamizi ya zahanati au kituo chenu, ambamo wamo wawakilishi mliowachagua wenyewe. Nakala ya fomu uliyotia saini ni yako. Ina jina la mtafiti na namba ya simu ya kamati iliyotoa kibali, hivyo itunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Akija mtu nyumbani kwako akisema anafanya utafiti wa afya na hana barua, mwombe asubiri, kisha umuulize Mtendaji wa Kata kama ujio wake unafahamika.