Fomu ya Kituo Chetu Mtandaoni

Nakusudia kueleza jinsi raia anavyoweza kukagua kazi ya serikali kwa intaneti, nami nitatumia jambo nililoliona kwa macho yangu hapa Meru.

Tarehe 9 Agosti 2022 baba alikuwa wakala katika kituo cha kura, darasa lile lile nililofundishwa hesabu. Kura za urais zilipokwisha kuhesabiwa, afisa msimamizi alijaza Fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo ya kituo kimoja. Mawakala wakatia sahihi, nakala ikabandikwa mlangoni. Kisha fomu ilipigwa picha kwa mashine ya KIEMS na kutumwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC.

Mbona taabu yote hiyo? Waama, tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na sababu mojawapo ilikuwa jinsi matokeo yalivyopeperushwa. Basi 2022 tovuti ilifunguliwa kwa kila mtu: vituo zaidi ya 46,000, kila kimoja na fomu yake. Vyombo vya habari vikajijumlishia, hata vijana na kompyuta zao.

Kesho yake jirani yetu alifika kwa hasira, ati baba ameuza kura. Lo! Watu waliokuwa wakiazimana jembe! Mjomba aliyekuwa Embu mjini akapiga simu: "Si mfungue tovuti muone?" Mtandao kwetu ni wa kubahatisha, kwa hivyo tulipanda hadi juu ya mashamba ya chai na simu ya kaka. Unachagua kaunti, eneobunge, wadi, kisha kituo. Fomu ikafunguka mwendo wa kinyonga. Sahihi ya baba ilikuwepo, yenye mkia mrefu kama kwenye ripoti zangu za shule. Jirani akatoa kijikaratasi alichonakili pale mlangoni, akalinganisha tarakimu moja moja. Zikalingana.

Lakini msidhani intaneti ndiyo iliyohesabu. Afisa akiandika vibaya darasani, tovuti itaonyesha kosa lile lile. Kwa maoni yangu, kijikaratasi cha jirani kilifanya kazi sawa na simu.

Jirani hakuomba msamaha. Alisema tu, "Hebu tafuta kituo cha wakwe zangu, kule Runyenjes." Kaka alipobonyeza Embu, bando ikaisha.