Figo ya Kupandikizwa: Sindano Inatafuta Nini?

Hapa kwetu Marereni, aliyepandikizwa figo husafiri mbali kwenda kliniki, pengine Kenyatta kule Nairobi au Moi, Eldoret. Akiambiwa achomwe sindano ya kutoa kinyama cha figo, watu wa nyumbani huuliza: figo ni mpya, mbona inadonolewa?

Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini kikipanda, kinaonyesha figo inaumia. Hakisemi kwa nini. Mgonjwa mwenyewe huenda hasikii maumivu yoyote.

Kinyama hicho ni chembamba kama uzi. Daktari wa maabara hukikata vipande laini, akavitia rangi na kuvitazama kwa darubini. Hakisii. Mwaka 1991 wataalamu walikutana mjini Banff, Kanada, wakaanza kupatana kanuni moja, na hadi leo hurekebishwa. Kila dalili hupewa alama, 0 hadi 3.

Aina ya kwanza ya kukataliwa, chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, zimeingia kwenye figo na kupenya vijirija vya mkojo. Zikikomea hapo ni daraja la kwanza. Zikishambulia mishipa ya damu ni la pili au la tatu. Iko na ya mpakani, ambayo haijatimia. Mara nyingi dawa ya steroidi kwa dripu, siku chache, husaidia.

Aina ya pili huletwa na kingamwili, zinazoharibu mishipa midogo ya figo. Hii ni sugu zaidi. Hapa akina mama tutege sikio: ujauzito, na hata kuongezewa damu, huweza kumwachia mtu kingamwili za namna hii. Ndiyo maana mama akitaka kupewa figo na mume au mwanawe, damu zao hupimwa pamoja kwanza. Kuruka dawa pia huzizalisha. Na aina zote mbili zaweza kukutana kwa mtu mmoja.

Tena pengine si kukataliwa. Ni virusi viitwavyo BK, au dawa zenyewe zimezidi. Huyo hupunguziwa dawa za kutuliza kinga, ilhali aliyekataliwa huongezewa. Ukikosea hapo, figo inakwenda.

Baada ya sindano mgonjwa hulala saa kadhaa. Mkojo waweza kuwa mwekundu kidogo. Wekundu ukizidi, mkojo ukiziba, tumbo likiuma sana au akishikwa na kizunguzungu, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.