Mtambo Unaokata na Kuunga Ujumbe wa Jeni

Protini za mwili huundwa kwa kufuata ujumbe wa RNA ulionakiliwa kutoka kwenye DNA. Hata hivyo, nakala ya kwanza ya ujumbe huo kwa kawaida haiwezi kutumika jinsi ilivyo. Vipande vyenye maelekezo, viitwavyo eksoni, hutenganishwa na vipande vinavyopaswa kuondolewa, yaani introni. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1977 na makundi ya watafiti ya Phillip Sharp na Richard Roberts, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Kazi ya kukata na kuunga hufanywa ndani ya kiini cha seli na mtambo uitwao splaisosomu. Mtambo huo una RNA ndogo tano, U1, U2, U4, U5 na U6, pamoja na protini nyingi. U1 hutambua mwanzo wa introni, na U2 hushika sehemu iliyo karibu na mwisho wake. Zile nyingine huingia baadaye, kisha U1 na U4 huachia, introni hukatwa ikiwa imejikunja kama kitanzi, na eksoni huungwa.

Kinachokata hasa ni RNA, wala si protini. Katika bakteria zimo introni ziwezazo kujikata zenyewe kwa njia iyo hiyo; ndiyo maana wanasayansi wengi huamini kuwa splaisosomu ilitokana na introni za namna hiyo.

Wagonjwa nao wamechangia elimu hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Joan Steitz na Michael Lerner walitumia kingamwili kutoka katika damu ya wagonjwa wa lupasi kuzitambua chembe za mtambo huu.

Leo elimu hiyo inatibu. Watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli utokanao na uti wa mgongo hukosa jeni ya SMN1 iliyo nzima. Jeni pacha, SMN2, ipo, lakini tofauti ya herufi moja husababisha eksoni ya 7 irukwe mara nyingi, na protini inayopatikana huharibika upesi. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hudungwa katika maji ya uti wa mgongo na kuufanya mtambo uibakize eksoni hiyo.

Dawa hiyo haifufui neva zilizokwisha kufa. Kwa hiyo mtoto mchanga aliyelegea viungo, au anayechelewa kukaza shingo, achunguzwe mapema.