Mdhibiti Akihesabu, Kampuni Husikia

Kuna mambo mawili ambayo kampuni za umeme na maji huku Uingereza hupenda kuyataja kwenye matangazo yao: ubunifu, na kuajiri watu wa kila asili. Ukiwasikiliza utadhani yote mawili yanatembea bega kwa bega. Wapi! Moja limetengewa fungu la pesa, jingine limetengewa ripoti. Na tofauti hiyo imetoka kwenye kanuni.

Turudi nyuma kidogo. Maji ya England na Wales yalibinafsishwa mwaka 1989, umeme ukafuata 1990. Sasa, wewe huwezi kuchagua waya gani uingie nyumbani kwako, kwa hiyo kampuni yenye waya huo haina mshindani. Ndiyo maana kuna mdhibiti: Ofgem kwa umeme na gesi, Ofwat kwa maji. Yeye ndiye anayeamua kampuni ikusanye kiasi gani kwenye bili zetu, kwa kipindi cha miaka kadhaa.

Kanuni ya mwanzo ilifunga bei kwenye mfumuko wa bei. Kampuni ikibana matumizi kuliko ilivyotarajiwa, kinachobaki ni faida yake. Basi zikabana kwelikweli. Wafanyakazi wakapunguzwa, utafiti ukakauka. Ni hesabu tu: jaribio la leo ni gharama ya leo, na faida yake huenda ikaonekana kipindi kingine kabisa.

Ofgem ikaliona hilo. Mwaka 2010 ikaanzisha mfuko wa hadi pauni milioni 500 kwa miaka 5, wa kujaribu njia mpya za kuendesha mitandao ya umeme, kwa sharti kwamba ulichojifunza uwagawie na wenzako. Kuanzia 2013 ikaleta mfumo mpya uitwao RIIO, ambao ubunifu umo ndani ya jina lenyewe. Ofwat nayo ikatenga pauni milioni 200 za ubunifu kwa 2020 hadi 2025. Wahandisi hawakuwa wavivu wa mawazo miaka yote ile. Hakuna aliyekuwa akiwalipa wajaribu. Kampuni hucheza ngoma ya anayetunza.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na nyumba zetu. Kuna daftari la wateja wanaohitaji msaada wa ziada, linaitwa Priority Services Register. Wazee wamo, wagonjwa wamo, wenye watoto wadogo wamo, na hata asiyeelewa Kiingereza vizuri anaweza kuandikishwa. Ni bure. Siku hizi kampuni za kusambaza umeme hupimwa kwa jinsi zinavyowafikia watu wanaostahili kuwa kwenye daftari hilo, ndiyo maana unaona zinatafuta vikundi vya mitaa na nyumba za ibada. Kama bibi yako hajaandikishwa, mwandikishe wiki hii.

Sasa tuje kwa wafanyakazi. Tangu 2017, kampuni yenye watu 250 au zaidi lazima itangaze pengo la malipo kati ya wanaume na wanawake. Usipotangaza, umevunja sheria. Ukitangaza pengo kubwa, basi, umeshatimiza wajibu wako. Kwa upande wa asili ya mtu, mwaka 2024 serikali iliahidi kuleta sheria ya kutangaza mapengo ya namna hiyo. Ni hatua, lakini ripoti haimfundishi mtu kazi.

Na kazi hii inafundishwa miaka. Kijana anayeanza uanagenzi wa kuunga nyaya analipwa huku akijifunza, lakini kwa mwajiri yeye ni kama lile jaribio: gharama leo, faida kesho. Mwajiri akiachiwa abane, ataajiri wachache, na wachache hao mara nyingi watatoka kwa watu ambao tayari wana baba au mjomba kazini humo. Si lazima awepo mbaguzi. Habari za nafasi hupita tu kwenye meza za chakula, na kwenye meza zetu hazifiki. Sisi tunasukumwa tuwe madaktari, wanasheria, wahasibu. Kupanda nguzo ya umeme nani alitutajia?

Kuna watakaosema: mbona bili ziko juu tayari, kwa nini mteja alipie na hili? Swali la haki. Lakini magari ya umeme na pampu za joto zinahitaji mtandao mkubwa zaidi, na mtandao hujengwa na mikono. Mikono hiyo tutailipia tu. Kinachobaki ni kuamua itafutwe wapi.

Wakati wenyewe ndio huu. Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba itaifuta Ofwat na kuweka mdhibiti mpya. Mdhibiti mpya maana yake kanuni mpya, na kabla kanuni hazijapita, wananchi huulizwa maoni. Mtu yeyote anaweza kujibu, si lazima awe mhandisi. Hatuombi viti vya upendeleo. Tunaomba vitu viwili vihesabiwe: wanagenzi wangapi wamefundishwa, na wametoka mitaa gani. Bili tunazilipa kama wengine, na kura ya maoni hii haina kiingilio. Andika.