Sikukuu ya Tarehe 4 Julai Katika Mji wa Bristol

Katika Rhode Island, jimbo lililo dogo kuliko majimbo yote ya Marekani, uko mji wa bandari uitwao Bristol. Wenyeji wake ni kama 22,000 tu, lakini kila mwaka ifikapo tarehe 4 Julai barabara zake hujaa wageni makumi ya maelfu. Siku hiyo Wamarekani hukumbuka Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Watu wa Bristol walianza kuiadhimisha mwaka 1785, nao hujivunia kwamba hakuna mji mwingine nchini mwao ulioidumisha kwa muda mrefu namna hiyo.

Walikuwa na sababu. Mwezi wa Oktoba, 1775, manowari za Waingereza ziliupiga mji huo kwa mizinga, na mwaka 1778 askari waliingia wakachoma nyumba nyingi. Vita vilipokwisha, mchungaji mmoja aliyekuwa askari zamani, Henry Wight, aliwakusanya watu kwa sala na hotuba. Gwaride lilikuja baadaye.

Basi na tutazame jinsi jamaa wa kawaida, yaani baba, mama, watoto wawili na nyanya yao, wanavyoipitisha siku hiyo. Baba hutoka nyumbani kungali giza, amebeba viti vya kukunja. Sheria ya mji hukataza mtu kuweka kiti kando ya barabara kabla ya saa kumi na moja ya alfajiri. Kwa hiyo watu husimama wakitazama saa zao, na wakati ukitimia kila mmoja hukimbilia kivuli cha mti. Mzaha huo una maana, kwa kuwa gwaride huanza saa nne u nusu, jua la Julai ni kali, na mwenda pole atamweka mama yake mzee juani mpaka alasiri.

Katikati ya barabara umepakwa mstari wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, nao hauondolewi mwaka mzima. Juu ya mstari huo, kwa mwendo wa maili mbili na zaidi, hupita mkuu wa gwaride, kisha mabaharia, wazima moto na magari yao mekundu, wazee waliopigana vita, na beni za shule. Watoto hupenda zaidi ngoma kubwa, ambazo mshindo wake husikika kifuani kabla ya kusikika masikioni.

Katika barabara ya Hope gwaride hupita mbele ya jumba jeupe lenye nguzo ndefu, liitwalo Linden Place. Hapo ndipo mtoto huuliza, "Nyanya, ni mfalme gani aliyekaa humu?"

Jibu lake si jepesi kutamkwa siku ya furaha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1810 na George DeWolf, wa ukoo uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Merikebu za ukoo huo zilichukua Waafrika zaidi ya elfu kumi kutoka Afrika ya Magharibi, wakauzwa Cuba na katika majimbo ya kusini ya Marekani. Mwaka 1825 George alifilisika, akatoroka usiku kwenda Cuba, akawaacha majirani waliomkopesha katika hasara kubwa. Sasa jumba ni makumbusho, na habari hizo husimuliwa humo waziwazi.

Nyanya aliye mwungwana hamfichi mjukuu. "Hakuwa mfalme," humwambia. "Alikuwa mtu wa mji wetu, naye aliuza watu."

"Hata baada ya uhuru?"

"Hata baada ya uhuru, mwanangu."

Beni nyingine hufika, na maneno hayasikiki tena. Alasiri baba hukunja viti. Mtoto mdogo amekwisha lala begani mwa mama, na yule mkubwa hurudi nyumbani akitembea juu ya mstari wa rangi tatu, akiligeukia jumba lile mara kwa mara.