Karata, Kete na Alama

Mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993, humlazimu mfasiri kutenganisha dhana tatu ambazo kwa haraka huweza kuzipa zote jina la "alama".

Ya kwanza ni karata yenyewe, ambayo mchezaji huja nayo katika fungu lake.

Ya pili ni kiumbe au kitu kinachozaliwa mchezoni kwa nguvu ya karata. Kwa mfano, karata ya The Hive, ya mwaka huo huo wa 1993, huzaa nyigu arukaye, mwenye nguvu 1 na ustahimilivu 1. Nyigu huyo hamo katika fungu; sarafu au kokoto yatosha kumwakilisha. Hushambulia na kufa kama viumbe wengine, lakini akiondoka uwanjani, hata kwa kurudishwa mkononi, hutoweka kabisa.

Ya tatu huwekwa juu ya kiumbe aliyekwisha kuwapo, kwa mfano kumwongezea nguvu; yenyewe si kiumbe.

Kwa dhana ya pili twapendekeza "kete". Kete ya drafti haina kazi nje ya ubao. Hii nayo haina uhai nje ya uwanja. "Alama" ibakie kwa dhana ya tatu. Kanuni ikisema "ondoa kete", kiumbe mzima hutoweka. Ikisema "ondoa alama ya nguvu", kiondokacho ni nyongeza tu. Mfasiri akizichanganya, mchezaji atapokonywa kiumbe wake kwa kosa la istilahi.